Maziwa ya Macun kule Uswisi, hii marufuku ya kila kitu ni ya nini? Naombeni ushauri

Tausi wa Milimani aliuliza:

Habari za saa hizi wakuu. Niko Uswisi kimasomo, huu mwaka wa pili, na mwezi wa nane tumepanga watu watatu tupande kule Engadin, lile bonde la mashariki mwa nchi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, shabaha yetu hasa ni yale maziwa ya Macun kule juu kabisa. Niliona picha zake kwa mwenzangu wa darasani nikabaki mdomo wazi, maziwa 23 yamekaa kwenye bakuli la mawe, moja la bluu, lingine kijani, lingine jeusi tii, hakuna mti hakuna barabara, kimya tu mpaka unakisikia kwenye picha.

Sasa mpango wetu ulikua hivi, tubebe hema tulale usiku mmoja pembeni ya ziwa, asubuhi tuogelee hata dakika mbili (najua ni baridi, mimi maji baridi siyaogopi tangu mtoto), mwenzetu mmoja ana mbwa wake mpole sana hapendi kumwacha, na mwingine ana droni anataka kupiga picha za juu. Nikaingia kusoma masharti yao nikakuta ni hapana mwanzo mwisho. Hema hapana. Kuogelea hapana. Mbwa hapana hata akiwa na kamba. Droni hapana. Kutoka nje ya njia iliyowekewa alama hapana. Kuchuma ua hapana, kuokota jiwe hapana, hata ukikuta pembe ya kulungu imedondoka yenyewe unatakiwa uiache palepale. Baiskeli hapana, moto hapana, na majira ya baridi hifadhi yote inafungwa haingii mtu.

Mimi sio mvunja sheria, ntafuata. Ila nataka nielewe, maana milima mingine humuhumu Uswisi watu wanaogelea kwenye maziwa na wanatembea na mbwa wao hakuna anayewauliza kitu. Kwanini hapa tu? Mguu wa mtu mmoja ukiingia kwenye maji ziwa linapungukiwa nini? Na je kwa masharti haya safari bado ina maana au tutafute ziwa lingine? Aliyewahi kufika naomba anieleze kwa kirefu, mimi sina haraka.

Mzee wa Buti akajibu:

Dada Tausi nendeni, wala msitafute ziwa lingine. Nimepanda Macun mara mbili na nikipata nafasi napanda tena.

Nianze na ya safari. Kiingilio hakuna, hulipi hata senti kuingia hifadhini, kinacholipiwa ni maonyesho kwenye kituo cha wageni pale kijiji cha Zernez na hicho kituo kipitieni kabla hamjapanda maana wao ndio wanajua njia ikoje siku hiyo, kule juu theluji inaweza kuwepo hata kiangazi. Kutoka Zürich mnapanda treni hadi Landquart halafu mnaingia kwenye treni nyekundu zinazopita kwenye handaki la Vereina, mkitokea upande wa pili mko Engadin tayari. Mnaanzia Lavin, ni kijiji kidogo kiko mita 1,400 na ushee, maziwa yako kwenye mita 2,600 na kitu, kwa hiyo hapo tu ni kupanda zaidi ya mita elfu moja na mia mbili wima, halafu mkitaka kutokea Zernez mnavuka mgongo wa Munt Baselgia ambao unapita mita 2,900. Kwa mtu mwenye mwendo wa kawaida hesabu masaa 7 mpaka 8 bila mapumziko. Mwanzo wa asubuhi, saa 12 muwe mmeshafunga kamba za buti, maana mchana radi zikianza kule juu hakuna pa kujificha, ni mawe na mbingu.

Kulala ni vijijini, Lavin au Zernez. Ndani ya hifadhi kuna sehemu mbili tu, kibanda cha Chamanna Cluozza kilichojengwa tangu 1910 na hoteli ya Il Fuorn barabarani, lakini zote ziko upande mwingine kabisa, kwa safari ya Macun hazikusaidii.

Sasa la kutoka nje ya njia nikupe kisa. Mara ya kwanza nilikua na kijana mmoja tulikutana njiani, tukafika kwenye uwanda wa nyasi tukaona mamoti, wale wanyama wanene kama sungura asiye na masikio, wako wanne wamejilaza juu ya jiwe wanaota jua hatua kama ishirini kutoka tulipo. Wanatuona kabisa, hawana wasiwasi. Yule kijana akatoka njiani, hatua tatu tu nakwambia, ili picha ikae vizuri. Mmoja akapiga mluzi ule mkali mpaka unaziba sikio, wote wakazama shimoni, na sio hao wanne tu, bonde zima likanyamaza. Tulikaa pale nusu saa nzima hakutokea hata mmoja. Askari wa hifadhi alikua mbele kidogo na darubini yake ameona yote, akaja hakufoka, akamwambia hawa wanyama wameshajifunza kwamba binadamu anapita kwenye ule mstari na hageuki kushoto wala kulia, ndio maana wanakuacha uwaone, ukitoka kwenye mstari wewe sio mpita njia tena, wewe ni mwindaji. Kisha akamwandikia faini, na yule kijana alilipa bila neno.

Tangu siku ile mimi sheria ya njia siioni kama kero. Ile njia ndio mkataba wetu na wale wanyama.

Maji Baridi akajibu:

Nashukuru mzee wa Buti kwa utangulizi. Mimi nimesomea mambo ya maji kwa hiyo naomba nilichukue hili swali la mguu mmoja, ni swali zuri kuliko linavyoonekana.

Kwanza tuelewe haya maziwa yametokea wapi. Enzi za barafu pale Macun palikua na barafu nene imejaa bonde lote, na barafu haikai tuli, inateleza taratibu kuelekea chini huku imeshika mawe kwa tumbo lake, inakwangua mwamba kama mtu anayekwangua nazi kwenye mbuzi. Palipokua na mwamba laini pakachimbika shimo, palipokua na mwamba mgumu pakabaki kizingiti, na mbele yake ikasukuma kifusi cha mawe. Barafu ilipoyeyuka ikaondoka, kila shimo likajaa maji. Ndio maana yako mengi yamepangana mengine makubwa mengine kama dimbwi, yote ni alama za makucha ya kitu kimoja.

Pili, maji yake ni maskini. Namaanisha maskini wa chakula. Ziwa la bondeni linapokea udongo, majani, kinyesi cha ng'ombe, kila kitu, kwa hiyo lina virutubisho tele na viumbe tele. Haya ya Macun yamefunikwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka, yanapata kama miezi mitatu minne ya uwazi, udongo unaoyazunguka ni kiduchu, na mwamba wa pale sio chokaa kama sehemu nyingine za hifadhi bali ni mwamba mgumu ambao hautoi kitu kwenye maji kwa urahisi. Viumbe wanaoishi mle, mwani wa kwenye mawe, wadudu wadogo wa majini, wamejizoesha kula karibu na hakuna. Sasa mtu akiingia, hata awe msafi vipi, anaingia na jasho, na mafuta ya kuzuia jua aliyojipaka asubuhi (na juu kule kila mtu amejipaka), na vumbi la buti, na ule udongo wa chini alioutibua ambao ulikua umetulia tangu enzi na enzi. Kwenye ziwa kubwa hicho ni tone. Kwenye kidimbwi cha maji maskini chenye ukubwa wa uwanja wa mpira ni mlo. Na huji peke yako, ukiruhusiwa wewe wanaruhusiwa wote wa mwezi wa nane.

Lakini hiyo bado sio sababu kubwa. Sababu kubwa ni hii, na hapa naomba mnivumilie maana ndio ninapopapenda.

Pale Macun kuna maji ya aina mbili. Mabonde mawili madogo yanakutana. Upande wa kusini maziwa yanapata maji kutoka kwenye miamba-barafu, yani milundo ya mawe ambayo ukiiangalia unaona mawe tu lakini ndani yake kuna barafu imejificha na lundo lote linatambaa taratibu kushuka. Yale maji yanatoka baridi sana na yamebeba madini yaliyosagwa. Upande wa kaskazini maziwa yanapata maji ya mvua na theluji ya mwaka inayoyeyuka, hayo yanapata joto haraka zaidi kiangazi. Kisha yote yanakusanyika kwenye Lai d'Immez, na lile jina kwa Kiromanshi, lugha ya wenyeji wa kule, maana yake ni ziwa la katikati. Mita chache tu unapita kutoka maji ya aina moja kwenda mengine na wadudu wanaoishi chini ya mawe nao wanabadilika.

Kwa hiyo watafiti tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanarudi pale kila mwaka, wanapima joto, wanachukua maji, wanahesabu wadudu. Wanataka kujua hali ya hewa ikibadilika ile barafu iliyojificha kwenye mawe ikiisha nini kitatokea kwa ziwa la kusini, litafanana na la kaskazini au litakua kitu kingine. Sasa fikiria dada, wakikuta virutubisho vimepanda kidogo watajuaje ni mvua, ni barafu inayoyeyuka au ni sisi tuliooga wiki iliyopita? Mizani ukiiwekea kidole haikwambii tena uzito wa mchele. Yale maziwa ni mizani, na maziwa mengine mengi ya milima ya Alps watu wameshayawekea kidole zamani, ng'ombe, samaki wa kupandikiza, mabwawa ya umeme, hoteli. Hata Macun yenyewe zamani kabla haijaingia hifadhini watu walipandikiza samaki wa kuvua, na jambo hilo ukishalifanya halifutiki kirahisi, samaki anakula wale wadudu na hakuna wa kumwambia atoke.

Kwa hiyo mguu wako hauliui ziwa. Unalifanya lisisomeke, na hasara hiyo kwangu mimi ni kubwa sana.

Tausi wa Milimani:

Maji Baridi Mungu akubariki, hii ya mizani imeniingia. Kweli nilikua nafikiria ziwa kama sehemu ya kuogelea iliyofungwa, sikufikiria kama kitu kinachosomwa.

Ila kuna jambo lingine linanikaa moyoni na nisipolisema ntakua mnafiki. Tukisikia hifadhi kali mahali popote duniani swali la kwanza ni wenyeji wako wapi. Kuna watu walikua wanachunga pale, wanakata kuni, wanawinda. Walifukuzwa? Maana kama hayo maziwa yamekua masafi kwa sababu kuna mtu alitolewa kwao mimi ntapanda lakini kwa roho nzito.

Kibaraza cha Jioni akajibu:

Umeuliza swali lenyewe dada. Mimi nimelifuatilia hili kwa muda mrefu, ngoja nieleze ninavyolijua.

Hifadhi ilizinduliwa tarehe 1 Agosti 1914, ndio ya kwanza kwenye milima ya Alps (Sweden walitangulia Ulaya mwaka 1909). Walioianzisha ni wanasayansi na wapenda mazingira, majina kama Paul Sarasin, Carl Schröter na Steivan Brunies ambaye yeye alikua mtu wa Engadin hukohuko. Hawakua na hela. Wakaunda chama mwaka 1909 ambacho siku hizi kinaitwa Pro Natura, ada yake ilikua faranga 1 kwa mwaka, ili hata mwalimu wa kijijini na dereva wa treni aweze kuchangia. Kwa hizo faranga moja moja wakaenda kwa kijiji cha Zernez wakaomba kukodi bonde la Cluozza. Zingatia neno, kukodi. Hawakunyang'anya wala serikali haikutangaza tu kwenye gazeti. Na mpaka leo ardhi ya hifadhi kwa sehemu kubwa ni mali ya vijiji, Zernez, S-chanf, Scuol na Val Müstair, na vijiji vinalipwa kwa kuiacha bila kuitumia. Vijiji ndani ya yale mabonde havikuwepo, kulikua na malisho ya kiangazi, ukataji miti na uwindaji.

Sasa sikiliza ya Macun. Mwaka 2000 wenye hifadhi walitaka kuipanua na kuizungushia ukanda wa pembeni. Wananchi wa Zernez wakapiga kura, wakasema hapana, na hapana yao ikaheshimiwa, mpango ukafa hapohapo. Lakini kijiji cha Lavin chenyewe kikakubali kutoa uwanda wa maziwa ya Macun, na ndio ukaingia hifadhini tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Ndio maana ukiangalia ramani Macun imekaa peke yake pembeni kama kisiwa haijagusana na hifadhi kubwa, kilomita za mraba tatu na nusu hivi wakati hifadhi yote ni kama 170. Yale maziwa yamefika pale kwa kura ya watu wa kijijini. Kwa hiyo dada panda kwa roho nyepesi. Sisemi hakukua na manung'uniko, wawindaji walinung'unika sana na wachungaji pia, lakini walikua na mlango wa kusemea na mlango huo ulifanya kazi.

Na kuna jambo watu wengi wanakosea, wanadhani waliihifadhi sehemu iliyokua safi tangu uumbaji. Hapana kabisa. Lile jina Il Fuorn maana yake ni tanuri, palikua na matanuri ya kuyeyushia chuma, misitu ilikatwa ikachomwa mkaa, magogo mengine yakaelea mtoni mpaka mji wa Hall kule Tirol, Austria, kuchemshia chumvi. Milima ile ilikua imekamuliwa. Mbuzi-mwitu wa milimani wenye pembe ndefu zilizopinda walikua wameshamalizwa, dubu wa mwisho wa Uswisi alipigwa risasi mwaka 1904 kwenye bonde la S-charl jirani kabisa, yule tai mkubwa mwenye ndevu naye alikua anaelekea kwisha. Walichofanya wale wazee sio kulinda bustani, walichukua mahali palipochoka wakasema tupaache tuone penyewe patafanya nini.

Na pamefanya! Kulungu walirudi wenyewe, leo vuli ikifika bonde la Trupchun linanguruma madume yakigombea majike unasikia mpaka upande wa pili. Mbuzi-mwitu waliletwa 1920. Tai wenye ndevu walianza kurudishwa 1991 mpaka 2007, makinda 26 yaliachiwa kwenye bonde la Stabelchod, na mwaka 2007 huohuo kwa mara ya kwanza tangu warudishwe tai wakafanikiwa kutotoa porini Uswisi. 2005 dubu akajitokeza mwenyewe akitokea upande wa Italia, baada ya miaka mia moja na moja tangu risasi ile. Mimi nilivyosoma hilo nilikaa kimya kidogo.

Lakini mengine yanakwenda polepole mpaka unapata adabu. Mwaka 1951 moto uliunguza mteremko mmoja wa msitu karibu na Il Fuorn. Kokote kwingine wangekuja na miche wapande. Pale hawakupanda hata mmoja. Mpaka leo, zaidi ya miaka 70, ule mteremko bado haujawa msitu, magogo meupe yamelala, mche hapa mche pale. Ukipita kwa gari utadhani ni uzembe. Ndio hifadhi yenyewe hiyo, kwamba binadamu ana mikono na miche na hela na bado anakaa pembeni anangoja. Na kuna viwanja vya majani vimewekewa vigingi tangu 1917, wataalamu wa mimea wanarudi kuhesabu nyasi zilezile kwenye mraba uleule, mwanafunzi anarithi mraba kwa mwalimu wake aliyeurithi kwa mwalimu wake. Matokeo moja yalishangaza wengi, kwenye malisho ya zamani ya ng'ombe walidhani aina za mimea zitapungua ng'ombe wakiondoka, kumbe kulungu walivyokuja kula pale zimeongezeka. Nani angelijua hilo bila kukaa kimya miaka yote hiyo?

Kuna ndege mmoja wa kahawia mwenye madoa meupe, jamii ya kunguru, ndio nembo ya hifadhi. Anaficha mbegu za msonobari maelfu kwa maelfu kwa ajili ya baridi. Nyingi anazifukua, zile asizozifukua zinaota. Misonobari kule juu inapandwa na huyo.

Mama Safari akajibu:

Nimesoma yote kwa furaha wapendwa, mimi naongeza dogo, hasa ili Tausi asije akafikiri kila kitu kule ni kamili.

Mkimaliza Macun mkapata siku ya pili, pandeni basi la njano la posta kutoka Zernez kuelekea Il Fuorn mkauone mto Spöl. Huo mto unapita katikati ya hifadhi na umeshikwa shingo. Juu yake mpakani na Italia kuna ukuta wa bwawa la umeme, Punt dal Gall, umekwenda juu mita 130, wananchi wa Uswisi walipigia kura mkataba wake mwaka 1958 na upande wa bwawa ukashinda. Kwa miaka mingi mto ukawa unapewa maji kwa kijiko, bila mafuriko, na mto bila mafuriko unaziba, mchanga mwembamba unajaa kwenye kokoto ambako samaki wanatagia, mwani unatanda. Tangu 2000 wakaanza kufungulia maji mengi kwa makusudi kwa masaa kadhaa, mafuriko ya kutengenezwa, yanasomba ule uchafu na kokoto zinabaki safi. Ikasaidia kweli, samaki wakaanza kutaga vizuri. Halafu 2016 kwenye ukarabati wa lile bwawa rangi ya zamani yenye sumu ya PCB ikaingia mtoni, na sumu ile haiozi.

Nilisimama pale darajani na mwanangu, tukatazama maji yanavyopita, yako maangavu huwezi kudhani. Mwanangu akaniuliza mama kama hapa haturuhusiwi kuchuma hata ua, hii sumu nani aliiruhusu. Sikua na jibu la kumpa na mpaka leo linaniuma. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema masharti ya hifadhi ni makali mno huwa namwambia hapana, hayatoshi, yanatukaba sisi wenye mabegi mgongoni na ni sawa yatukabe, lakini maji hayasomi bango la mpakani.

Na Tausi, kuhusu mbwa. Najua inauma kumwacha. Lakini mamoti na kulungu kwa harufu ile yeye ni mbwa mwitu tu, hata awe mpole amelala mapajani, na harufu inabaki njiani mkishaondoka. Mwambieni mwenzenu amtafutie wa kukaa naye Zernez au msipande siku hiyo mpeane zamu. Usimfunge kamba mpakani mwa hifadhi jua likiwaka, nimeshakuta hilo na sikupenda.

Tausi wa Milimani:

Jamani sijui nisemeje. Nimewasomea wenzangu wote majibu yenu jana usiku kwa simu. Mwenye droni amekubali ibaki bwenini bila ubishi. Mwenye mbwa amepata dada yake wa kukaa na mbwa siku mbili. Hema tumeghairi, tumepata kulala Lavin, tutaondoka saa 12 kama alivyosema mzee wa Buti na siku ya pili tutaenda kusimama kwenye daraja la mama Safari.

Maji Baridi moja la mwisho, nikifika nataka nione kwa macho yangu pale maji mawili yanapokutana, ile kusini na kaskazini. Nitayajuaje bila kuweka mkono?

Maji Baridi:

Njia kutoka Lavin inafuata kijito cha Zeznina, hicho ndio kinatoa maji ya Macun yote na kuyapeleka mto Inn, kisha Danube, mpaka Bahari Nyeusi. Kwa hiyo mkipanda mnapanda dhidi ya maji yenyewe. Mkifika Lai d'Immez kaeni njiani hapo msiende popote, pumzikeni kwanza. Geukia upande wa kusini utafute milundo ya mawe makubwa yenye mikunjo mikunjo mbele kama uji mzito uliomwagika ukaganda, hiyo ndio miamba-barafu, ukiona lundo lina mikunjo na ukingo wake wa mbele umesimama ujue ndani kuna barafu. Maji yanayotoka chini yake ndiyo ya kusini. Halafu geukia kaskazini, hutaona milundo hiyo, utaona mabaki ya theluji na mawe makavu tu. Kiangazi asubuhi na mapema kukiwa hakuna upepo sikiliza pia, vijito viwili vinavyoingia havina sauti moja. Nenda na kofia yenye masikio, na ukirudi tuletee ulichokiona.